Mota inavuma tu haizunguki, breka nayo imetulia

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina mota ya pampu ya maji, hp 1, umeme wa fezi moja. Mchanga ukiingia pampu inakwama, mota inabaki inavuma mmmm mpaka harufu ya kuungua inaanza. Nishaisuka koili mara mbili na breka ya ampea 20 haijawahi kukatika hata siku moja. Je breka yangu mbovu, au niweke kubwa zaidi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Breka yako ni nzima, ila kazi yake ni kulinda waya wa ukutani, mota sio jukumu lake. Mota hiyo ikizunguka vizuri inakula kama ampea 5 au 6, ikikwama inapanda hata mara 5 au 6 ya hapo, yaani tuseme 30, na breka ya 20 ikiona 30 haishtuki haraka, inaweza kuvumilia dakika nzima na zaidi. Sasa joto la koili linakwenda kwa ampea mara ampea, kwa hiyo ampea zikiwa mara 6 joto ni mara 36, na feni ya nyuma imefungwa kwenye shafti hiyohiyo iliyokwama so hata upepo hakuna!! Hiyo dakika moja inatosha kupika vanishi inayokinga waya za koili. Ukiweka breka kubwa ndo umeimaliza kabisa.

Unachotaka ni kontakta (swichi ya sumaku ya kuwasha na kuzima mota) na ovalodi (kifaa kinachoangalia ampea za mota, zikizidi kinaizimisha). Soma ampea kwenye kibao cha mota, useti ovalodi hapohapo, usiongeze "kidogo ili isisumbue" (hii tabia ndo inatulisha sisi wasukaji). Chukua ya klasi 10, mota ikikwama kabisa inakata ndani ya sekunde kama 10 hivi. Kwa kuwa umeme wako ni fezi moja, waya upite njia zote tatu za ovalodi, yaani toka ya kwanza urudishe kwenye ya pili, toka ya pili uingie ya tatu ndo uende kwenye mota, maana ovalodi nyingi zikiona njia moja haina umeme zinadhani fezi imekatika, zinakata ovyo. Halafu iache kwenye riseti ya mkono. Ya kujirudisha yenyewe itawasha mota ileile iliyokwama, inapoa inawaka, inapoa inawaka, hadi jioni umeikuta majivu.

Ukiisuka tena mwambie fundi akufungie na kile kidude cha kukata umeme joto likizidi, kinakaa katikati ya koili, ni kidogo tu.

Na sio kila kukwama ni mchanga. Zima umeme, zungusha shafti kwa mkono, ikiwa laini basi angalia kapasita (kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka), ikiwa imevimba tumbo ndo mwizi wako huyo, ila itoe chaji kwanza kabla hujaigusa, inapiga hata swichi ikiwa imezimwa.