Saa Mbili ya Kifaransa: Ushauri kwa Wanaofundisha Lugha za Kigeni

Kwa miaka sita sasa ninafundisha Kifaransa nyakati za jioni hapa Dodoma, katika chumba kilicho karibu na soko la Majengo, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa kazi: madereva, wahudumu wa hoteli na vijana wachache wa chuo. Miaka miwili ya mwanzo nilifundisha kama nilivyofundishwa, yaani niliorodhesha ubaoni kitenzi kimoja katika nafsi zote na kuwataka wakikariri. Mitihani walifaulu, lakini siku nilipomkaribisha mgeni azungumze nao, wote waliinamisha vichwa.

Nilipobadili mtindo, nilianza na ratiba ya treni niliyoitunga mwenyewe. Mwanafunzi mmoja alikuwa karani wa stesheni, mwingine abiria asiyejua Kiswahili, na kazi yao ilikuwa moja tu: abiria aondoke akijua treni ya kwenda Dar es Salaam inaondoka lini. Karani, dereva wa bajaji mwenye kumbukumbu kali, alisoma "saa mbili asubuhi" akajibu bila kusita, "à deux heures". Sarufi haikuwa na dosari, ila abiria wake angefika stesheni saa nane za usiku, kwa kuwa saa mbili yetu ni "huit heures" ya Mfaransa. Darasa lilicheka, yeye akacheka zaidi, na nikatambua kwamba kosa hilo lisingejitokeza kamwe katika zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Njia hii si uvumbuzi wangu. Kuanzia mwaka 1979 N. S. Prabhu, mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza, aliijaribu katika shule za kusini mwa India, akiwapa wanafunzi ramani na ratiba za kuzitafutia majibu, kwa imani kwamba sarufi hujengeka wakati akili imeshughulika na maana. Mimi sijaitupa sarufi; nimeihamishia mwisho wa kipindi. Wanapozungumza sikatizi mtu, bali nayaandika makosa daftarini, kisha tunayajadili kazi ikishakamilika.

Jambo jingine, na hapa najua baadhi ya walimu wenzangu hawatakubaliana nami, ni kwamba Kiswahili kisifukuzwe darasani. Shuleni kwetu aliyenaswa akikisema alivishwa kibao shingoni, na tulichojifunza hasa ni kunyamaza. Leo ninapofundisha jinsia ya nomino za Kifaransa ninaanzia kwenye ngeli: anayesema "kikapu kidogo" na "mfuko mdogo" pasipo kufikiri tayari anafanya upatanisho uleule unaotakiwa katika "un petit sac" na "une petite table". Kifaransa kina makundi mawili tu, wakati Kiswahili na Kigogo vina mengi zaidi, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa hana sababu ya kuyaogopa.

Msamiati nao unahitaji ratiba. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku husaidia kuliko kukesha usiku mmoja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa habari za sayansi, alieneza njia ya kadi zenye maneno na maboksi ya kuzipangia, nami naitumia kwa maboksi matatu ya viatu: la kwanza hufunguliwa kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Neno ukilikumbuka kadi inasogea mbele. Ukilisahau inarudi boksi la kwanza. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyohiyo, lakini boksi la kiatu halidai bando.

Kadi inayorudi nyuma mara nyingi kuliko zote ni ile ya "huit heures". Upande wake wa pili tumechora jua likichomoza, na chini yake tumeandika kwa wino mwekundu: saa mbili.