Neno "kabisa" liliniponza

Nimeandika matangazo kwa miaka kadhaa, na neno lililoniumbua kuliko yote ni "kabisa". Tulikuwa tunamtangazia mtu mabegi ya mgongoni. Nikaandika: "Halipitishi maji kabisa." Kitambaa kilikuwa kizuri, ila kwenye zipu maji yalipenya. Nililijua hilo, maana nililiweka begi chini ya bomba mwenyewe. Nikajiambia kila mtu anatia chumvi.

Mnunuzi mmoja akatutumia picha ya daftari lake: limevimba, wino umetapakaa. Chini ameandika neno moja, "Kabisa?"

Ofisini wazo la kwanza likawa kwamba huenda hakufunga zipu vizuri. (Ndiyo tabia yetu, kumtafutia mteja kosa kabla ya kumtafutia jibu.) Nikaomba arudishiwe pesa zake, na tangazo lisomeke: "Linahimili manyunyu. Mvua kubwa itapenya kwenye zipu." Mwenye mabegi alinuna. Majuma ya mwanzo mauzo yalishuka kweli, nisikudanganye. Ila mabegi ya kurudishwa karibu yaishe, na waliokuwa wanapiga simu kugomba wakaanza kupiga kuuliza rangi.

Volkswagen waliwahi kulicheza hili vizuri. Mwaka 1960, huko Marekani, walichapisha picha ya gari lao na chini yake neno la mitaani lenye maana ya gari bovu. Maelezo yakasema limezuiwa kiwandani kwa sababu ya dosari kwenye utepe wa kromu wa kisanduku cha dashibodi, kitu ambacho pengine mnunuzi asingekiona. Mwaka 2015 kampuni hiyohiyo ikabainika kuwa imeweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani. Likipimwa, gari linajibana; likirudi barabarani, linafuka.

Sikwambii uanike kila kitu. Itaje ile kasoro ambayo mteja ataigundua mwenyewe ndani ya wiki ya kwanza, na uitaje kabla hajalipa. Ukingoja aione yeye, hata ukweli wako mwingine atautilia shaka.

Siku hizi tangazo langu halitoki kabla sijamsomea dada anayepokea simu za wateja. Ndiye anayetukanwa kwa niaba yangu, kwa hiyo kalamu nyekundu nimempa yeye. Juzi alikata "milele", akaandika pembeni: "Utapokea wewe hiyo simu?"