Maswali ya Wasomaji: Filamu uliyoitazama, uizungumzie vipi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja. Watu wametazama filamu, wanatamani kuizungumzia na wenzao, lakini mazungumzo hayaendi walivyotarajia. Tumechagua barua nne na kuzijibu hapa chini.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu kazini tuna desturi ya kuelezana filamu tulizotazama mwishoni mwa juma. Wenzangu huzungumza kwa kirefu, lakini zamu yangu inapofika husema tu kwamba filamu ilikuwa nzuri, au kwamba haikunivutia, kisha maneno huniishia. Si kwamba sikuitazama kwa makini, kwani mara nyingine hulia kabisa. Je, ni lazima mtu asomee sanaa ya filamu ndipo aweze kutoa maoni yenye maana?
Msikilizaji Mkimya

JIBU: Si lazima hata kidogo. Kama ulilia, basi maoni unayo tayari. Kilichobaki ni kurudi nyuma na kujiuliza machozi hayo yalianzia wapi hasa. Anayesema kwamba filamu ni nzuri, kisha akanyamaza, ametoa hukumu bila ushahidi, na wenzake hawana la kufanya isipokuwa kukubali au kukataa. Lakini anayesema kwamba alilia pale mama alipokunja nguo za marehemu mwanawe, moja baada ya nyingine, bila kutamka neno, huku kamera ikibaki mlangoni kana kwamba inaona haya kuingia chumbani, amewapa wenzake jambo la kuzungumzia. Hata yule ambaye hajaiona filamu hiyo ataweza kuuliza kwa nini mama hakusema kitu, na hapo mazungumzo yameanza.

Ushauri wetu ni kwamba usijaribu kuibeba filamu nzima. Chagua onyesho moja lililokukaa akilini, lieleze jinsi lilivyoonekana na lilivyosikika, kisha useme lilikufanya nini. Wengi hudhani kutoa maoni ni kusimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana wasikilizaji huchoka. Kisa kinatosha sentensi mbili, zinazomjulisha msikilizaji ni nani anayetaka nini na nani anayemzuia. Muda uliobaki uutumie kwa kile ulichokiona wewe.

Baada ya kuchagua onyesho, jiulize ni kazi ya nani iliyokugusa. Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo watazamaji wengi hupapita haraka, kwa sababu tumezoea kumtazama mwigizaji peke yake na kumsifu kwamba ameuvaa uhusika. Takriban miaka mia moja iliyopita, mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov aliunganisha picha ileile ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usio na hisia yoyote ya wazi, na picha tatu tofauti: sahani ya supu, maiti ndani ya jeneza, na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa katika uso huo, kisha huzuni, kisha matamanio, wakamsifu mwigizaji kwa ufundi wake, ilhali uso haukuwa umebadilika. Kwa hiyo, kabla ya kummwagia stelingi sifa zote, kumbuka tulionyeshwa nini kabla na baada ya uso wake. Huenda nusu ya sifa hizo anastahili mhariri wa picha, yaani yule anayeziunganisha picha za filamu, ambaye ni nadra sana kutajwa katika mazungumzo yetu, na tungependa sana atajwe.

Sauti nayo ina nguvu kubwa kuliko tunavyodhani. Ukipata nafasi, lirudie onyesho lililokutisha, mara hii ukiwa umezima sauti kabisa. Mara nyingi utakuta kwamba mlango unaofunguka polepole ni mlango tu, na kwamba hofu yote ililetwa na muziki, au na ukimya uliotangulia. Ukiwaeleza wenzako ugunduzi huo, hawatakuona mtu asiye na la kusema.

SWALI: Kabla ya kutazama filamu, mimi huangalia kwanza alama zake katika tovuti ya Rotten Tomatoes. Hivi karibuni nilitazama filamu yenye asilimia 96, nikachoka kabla haijafika nusu, ilhali nyingine yenye asilimia 58 bado naiwaza hadi leo. Rafiki zangu wanasema sina jicho la filamu. Kasoro ni yangu, au ni ya alama hizo?
Mwenye Shaka na Alama

JIBU: Kasoro iko katika namna alama hizo zinavyosomwa. Asilimia inayoonyeshwa na tovuti hiyo si wastani wa maksi. Ni idadi ya wahakiki waliotoa maoni ya kuridhika, kati ya kila mia moja. Tuchukue mfano wa filamu mbili. Ya kwanza imetazamwa na wahakiki mia moja, na kila mmoja ameiona ni ya kuridhisha tu, haina ubaya mkubwa wala jambo la kukumbukwa. Filamu hiyo itapata asilimia 100. Ya pili imewagawa wahakiki: 55 wameipenda kwa moyo wote na kuiita kazi adimu, na 45 hawakuivumilia. Hiyo itapata asilimia 55, na kwa kuwa mstari wa kufaulu katika tovuti hiyo umewekwa kwenye asilimia 60, itahesabiwa miongoni mwa zilizoshindwa. Filamu yako ya asilimia 58 huenda ni ya aina hiyo ya pili, na wewe ni mmoja wa wale walioguswa. Alama ya juu, kwa kifupi, hukuambia kwamba ni wachache watakaochukizwa. Haikuahidi kwamba wewe utapendezwa.

Tena hukumu za wahakiki wenyewe hubadilika. Filamu ya Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipotoka mwaka 1958, wahakiki walitofautiana juu yake, na wako walioona kisa chake ni kirefu na kisichoaminika. Mwaka 2012, katika kura ambayo jarida la Uingereza la Sight and Sound hupigisha kila baada ya miaka kumi, filamu hiyohiyo ilichaguliwa kuwa bora kuliko zote, na miaka kumi baadaye ikateremka hadi nafasi ya pili. Filamu yenyewe ni ileile. Waliobadilika ni watazamaji, pamoja na mambo wanayoyatafuta wanapoketi mbele ya picha.

Hatukushauri kuzidharau alama, kwa maana zinaweza kukuepusha na kupoteza jioni yako. Lakini zikikinzana na ulichokiona, soma maoni ya wahakiki wawili, mmoja aliyeipenda filamu na mwingine aliyeichukia, uone ni yupi anayetaja maonyesho yaleyale yaliyokugusa au kukuchosha. Huyo ndiye wa kumfuata siku nyingine, na atakufaa kuliko asilimia yoyote.

SWALI: Mdogo wangu amenikasirikia na hataki kuzungumza nami kwa sababu nilimweleza mwisho wa filamu aliyokuwa akiisubiri kwa hamu. Mimi nilidhani namchangamsha. Mbona hadithi za zamani tunazijua mwisho wake na bado tunazifurahia? Ni kiasi gani kinaruhusiwa kusimuliwa?
Kaka Mtu

JIBU: Hoja yako ina uzito, na ina hata utafiti wa kuiunga mkono. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi wazisome, baadhi yao wakiwa wamedokezewa mwisho, na wakakuta kwamba kwa wastani waliodokezewa walizifurahia zaidi kidogo. Hata hivyo, zile zilikuwa hadithi za kusoma, na wasomaji hao hawakuwa wamezisubiri kwa hamu kama mdogo wako alivyoisubiri filamu yake. Taharuki ni mali ya mtazamaji, na mwenye haki ya kuamua kama ataitoa ni yeye mwenyewe. Hitchcock alilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa: filamu yake ya Psycho ilipotoka mwaka 1960, aliagiza kwamba asiingizwe ukumbini yeyote aliyechelewa, na akawaomba watazamaji wasiwasimulie wengine mwisho wake. Nasi tunaliheshimu ombi hilo hapa, ingawa ni miaka mingi imepita.

Kipimo tunachokitumia sisi ni kwamba yaliyomo katika robo ya kwanza ya filamu yanaweza kusimuliwa bila kumharibia mtu uhondo, kwa sababu hapo wahusika wanajengwa na tatizo linatambulishwa. Zaidi ya hapo, uliza kwanza. Usidhani pia kwamba kusema "subiri uone mwisho wake" ni kutunza siri. Mtu akishaambiwa kuna mgeuko mkubwa, atakaa filamu nzima akiuwinda badala ya kuwafuata wahusika. Vilevile, usimhakikishie mtu kwamba stelingi hafi, hata kama unafanya hivyo kumtuliza moyo.

Kuhusu mdogo wako, mwombe radhi bila kumtajia utafiti wowote, kisha mtafutie filamu nyingine ambayo nyote wawili hamjaiona, mkaitazame pamoja.

SWALI: Je, inafaa kutoa maoni kuhusu filamu ambayo sikuimaliza?
Aliyesinzia

JIBU: Inafaa, ilimradi useme uliachia wapi. Kwamba filamu haikuweza kukushika kwa dakika arobaini ni habari yenye maana kwa anayetaka kuitazama. Usichoweza kukihukumu ni mwisho, na pia yale mambo ya mwanzoni ambayo maana yake hujitokeza mwishoni, kama vile barua isiyofunguliwa au mgeni anayepita tu barabarani. Kama ulikuwa ukichezea simu wakati filamu ikiendelea, litaje na hilo, kwa kuwa msikilizaji anastahili kujua ni kipi kati ya viwili hivyo kilichokuchosha. Na mwenzako aliyeimaliza akikuambia kwamba ilichangamka baadaye, muulize ni onyesho lipi, kisha endelea kuanzia pale ulipoachia hadi ulifikie, kabla ya kuamua kuifuta.