Nichukue Kadi ya Mkopo Nilipe Madeni ya Simu?

SWALI: Mshauri, ninafundisha katika shule ya binafsi mjini Nakuru na mshahara wangu ni shilingi 38,000. Nina mikopo ya simu ya jumla ya shilingi 10,000, ambayo kila mwezi huilipa na kuikopa tena siku iyo hiyo. Sasa benki inataka kunipa kadi ya mkopo, na wenzangu wanasema niichukue nimalize madeni yote kwa mpigo. Natamani kuishi bila deni, ila nahofia siku mtoto wangu atakapougua. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, ikatae kadi hiyo. Anayelipa salio lote kabla ya tarehe ya mwisho kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi yake, lakini wewe huna ziada ya kulilipa lote, kwa hiyo utaishia kulipa kile kiwango cha chini kinachotakiwa huku riba ikiongezeka juu ya kinachobaki. Tena, ukitoa pesa taslimu kwa kadi ili uwalipe wakopeshaji wa simu, utatozwa ada, na mara nyingi riba huanza kuhesabiwa siku uliyozitoa.

Sasa tuitazame mikopo yenyewe. Tangu M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ianze mwaka wa 2012, Wakenya wengi wameizoea ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na kwa kuwa ni shilingi 750 tu kwa kila 10,000, haimshtui mtu. Lakini ukiukopa upya mkopo huo kila mwezi, kwa mwaka mmoja umelipa ada ya shilingi 9,000, na zile 10,000 bado unadaiwa. Kwenye SACCO, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kiasi hicho hicho kikilipwa kwa miezi 12 hugharimu riba ya shilingi 650. Naomba uzitazame tena tarakimu hizo: riba ya mwaka mzima haifikii ada unayolipa sasa kwa mwezi mmoja.

Kwa kuwa SACCO hukopesha kulingana na akiba na huhitaji wadhamini, haitakuokoa mwezi huu. Hivyo anza kwa kupunguza. Mshahara ukiingia, lipa 10,000 kama kawaida, kisha ukope 8,000. Mwezi unaofuata ukope 6,000, halafu 4,000, halafu 2,000, na mwezi wa tano usikope. Utabanwa kwa shilingi 2,000 kila mwezi, na sitakudanganya kwamba ni kitu kidogo kwa mshahara wako, lakini ada nayo itakuwa ikipungua. Ukimaliza, fedha hizo zikatwe moja kwa moja kwenye mshahara ziende SACCO, kabla hazijafika mkononi.

Ukichelewa kulipa na mkopeshaji wa kidijitali asiye benki akatishia kuwapigia jamaa zako, fahamu kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 zinamkataza kufanya hivyo, nawe una haki ya kumshtaki.

Kuhusu mtoto, tayari unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma. Hakikisha wiki hii kwamba amesajiliwa kama mtegemezi wako, maana wazazi wengi hugundua kasoro hiyo wakiwa tayari wamefika hospitalini, na hapo ndipo simu huchukuliwa ili kukopa.