Mama hakuliona ziwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, likizo ya familia kwenye meli ya kitalii inastahili gharama yake?" Nimelisoma asubuhi, nikalirudia usiku, kwa sababu swali hilo hilo limeshika moto kwetu nyumbani. Wanangu na wapwa zangu wanachangishana wampeleke bibi yao, mama yangu, kwenye meli zile zinazotoka Durban msimu wa joto la kusini na kupanda pwani ya Msumbiji hadi Pomene. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu alikuwa na lake mpaka kaka yangu alipoikumbusha ile meli ya zamani ya Ziwa Tanganyika: "Mama ameshapanda Liemba. Meli gani tena anayoitaka?" Mjadala ukalala hapo. Mimi nilimuunga mkono kaka.

Naeleza kwanza kwa nini. Meli za kitalii za siku hizi ni miji inayoelea. Ile Icon of the Seas iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024 ina urefu wa mita 365 na inaweza kupakia abiria zaidi ya 7,000, na mabwawa na michezo ya maji juu kwa juu. Mtoto anaamkia bwawani, analalia bwawani, na bahari iko pale chini haina kazi. Tuliowahi kuishi Unguja tumewaona wageni wa meli hizi: wanashuka asubuhi, wanazungushwa Mji Mkongwe, wanapelekwa mashamba ya viungo Kizimbani au kuwaona kobe wa Changuu, na jioni haijaingia wamesharudi melini, ambako chakula wamekilipia tangu kwao. Mama lishe wa Darajani haambulii hata ya chai. Mtoto anatembezwa nchi nne hajamwambia mtu mzima shikamoo hata mara moja. Kwangu mimi hiyo haikuwa safari.

Halafu kuna hofu, na hii msiichukulie kijuujuu. Mume wangu ni mtu wa Bukoba. Tangu MV Bukoba ilipozama Mei 1996 hapandi chombo chochote cha majini, na sijawahi kumshawishi. Ikaja Spice Islander 2011, ikaja MV Nyerere 2018. Nchi hii ukisema "meli" kuna mtu pembeni anainamisha kichwa.

Kwa hiyo nilikaa kuwaandikia kwamba haistahili, na mfano wangu ulikuwa Liemba, safari iliyotulea sisi watoto wa Kigoma. Liemba mnaijua, lakini vijana wenu huenda hawajui yote. Iliundwa 1913 kwenye karakana ya Meyer, Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kupaka injini grisi ili zisile kutu. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Karakana ile ile ya Papenburg leo inaunda meli kubwa za kitalii. Kwa hiyo hata kiukoo, nilitaka kuandika, sisi tulishapanda meli ya kitalii zamani, tena bila kulipia bwawa.

Baba alikuwa fundi wa reli, na waranti yake ya likizo ilitufikisha Kipili kwa bibi mzaa mama, daraja la tatu. Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya mwezi wa sita, miaka ya themanini, nikiwa darasa la nne. Baba alinyimwa ruhusa dakika za mwisho, mama akasafiri nasi peke yake: watoto watano, mdogo akiwa mgongoni. Mtu wa Ziwa Tanganyika anajua mwezi wa sita ni mwezi gani. Kusi linavuma, na ziwa lile refu lenye kina cha mita 1,470 hugeuka likawa na mawimbi ya kubishana na bahari.

Tuliondoka Kigoma jioni. Sitaha ilikuwa imejaa magunia ya dagaa na madumu ya mawese, na watu wamelala katikati yake popote palipopatikana nafasi ya kunyoosha miguu. Mama alitutandikia mkeka kati ya madumu na ukuta, akalitia sanduku la bati kichwani petu kama kizuizi, na juu ya sanduku akaweka sufuria. Sufuria lile naliona mpaka leo: ndani kuna ugali na migebuka ya kukaanga, juu limefunikwa sahani ya bati, na yote imefungwa kwa kitambaa cha maua chenye fundo pembeni. Hatukuruhusiwa kuligusa mpaka aligawe mwenyewe. Kaka aligawiwa kichwa cha samaki kwa kuwa ndiye mwanamume wa safari.

Sisi tulikuwa peponi. Tulizunguka meli nzima, tukachungulia chumba cha kulia cha daraja la kwanza, tukahesabu vyumba, tukabishana nani atakuwa nahodha. Mlima wa Mahale ulipita asubuhi umefunikwa mawingu. Kila meli iliposimama, Lagosa, Ikola, Karema, honi ililia na mitumbwi ikaja kwa fujo kutoka ufukweni, watu wakirushiana mizigo na majina. Maana wakati ule gati hazikuwapo huko, mnajua. Meli ilisimama majini na kila kitu kilipanda na kushuka kwa mtumbwi.

Kipili tulifika usiku. Giza nene, upepo mkali, na zile karabai za mitumbwi zikipanda na kushuka mbele yetu. Mama alichukua kanga yake, akaisokota, akatufunga viwiko mmoja baada ya mwingine, mimi katikati, tukasukumwa hadi kwenye mlango wa ubavuni. Chini yetu boti inapanda hadi usawa wa miguu, kisha inaondoka yote, unaona maji meusi tu. Watu wanasukuma nyuma. Gunia la sukari limepitishwa juu ya vichwa vyetu. Mwanamume ndani ya boti amenyoosha mikono anapiga kelele:

"Dada, nipe mtoto! Nipe huyo wa mgongoni kwanza!"

"Huyu simtoi! Pokea hawa!"

"Dada, utaanguka naye!"

"Nimekwambia pokea hawa!"

Akafungua kanga, akatushusha mmoja mmoja kila boti ilipopanda, akitaja jina la kila mmoja kwa sauti wakati mikono yake inamwachia. Kaka wa kwanza, mimi wa tatu. Mimi nilicheka nilipodakwa, nakumbuka nilicheka kwa furaha. Kisha sanduku. Kisha akaruka yeye na mtoto mgongoni, na katika kuruka kwake mtu akaligonga sufuria, likaenda. Lilielea kidogo na kitambaa chake, kisha wimbi likalifunika. Mjomba alikuwa ufukweni na taa, akitupokea kwa pole na vicheko, na sisi tukaanza kumsimulia wote kwa pamoja kabla hatujakanyaga mchanga.

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia. Hiyo ndiyo safari, ningesema, mtoto anadakwa usiku na mtu asiyemjua na bado anafika kwa mjomba wake. Lakini kabla sijatuma, nilimpigia mama Kigoma kumuuliza kama lilikuwa sufuria kubwa au dogo. Nikamwambia naandika habari ya Liemba, ya raha zetu mle.

Akakaa kidogo, akasema: "Raha zenu, mwanangu. Mimi sikulala mpaka Kipili. Nilikuwa nawahesabu tu. Ukimaliza mmoja anatoka, unaanza upya. Ziwa lenyewe sikuliona."

Nikamwambia, mama, na ule mlima, na zile taa? Akasema taa anazijua za karabai nyumbani kwake. Mlima aliusikia kwetu.

Ndugu mhariri, swali lenu limeuliza gharama. Mimi sasa nataka kuuliza nani anapumzika. Familia zetu zinakwenda likizo kila mwaka. Desemba mabasi ya kaskazini yanajaa watu wanaokwenda Moshi, na kila nyumba huko kuna mama anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwapikia watu ishirini waliokuja kupumzika. Tunarudi Dar tumenenepa tunasema likizo ilikuwa nzuri. Yeye tunamwachia vyombo.

Nikizitazama tena meli za kitalii kwa jicho hilo, naona zinauza kitu ambacho sikukipa thamani. Chakula kinapikwa na watu wanaolipwa mshahara. Chumba kinafagiliwa kila siku. Watoto wana sehemu zao kwa umri, na walezi wao. Kabla meli haijaanza safari, kila abiria anafundishwa akusanyike wapi ikitokea hatari na boya lake la kuvaa linavaliwaje. Ndiyo sheria ya kimataifa. Laiti tungefanyiwa hivyo kila tulipopanda vyombo vyetu. Mama wa familia anaweza kukaa kwenye kiti, akatazama maji, na asihesabu mtu.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo si lile nililokaa kuliandika, ni kwamba inastahili. Lakini nina masharti, na sitayalegeza.

Kwanza, isiwe ya mkopo. Likizo ya kulipia riba miezi kumi na minane itamrudisha mama jikoni kwa hasira. Pili, msidanganywe na bei ya tangazo. Vinywaji vingi vina bei yake, kuna ada ya wahudumu inayoongezwa kwa kila mtu kila siku, na daktari wa melini anatoza fedha nzito, kwa hiyo bima ya safari ni lazima. Kuhusu watoto wachanga bado nasema hapana, na kampuni nyingi zenyewe hazimpokei aliye chini ya miezi sita, wala aliyevaa nepi haruhusiwi bwawani. Utamlipia mtoto aje kukunyima usingizi mahali pa gharama zaidi.

Kwa wanaofikiria njia ya Durban kama sisi: Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini wala ya Msumbiji kwa matembezi mafupi, hilo ni jambo jema. Lakini msimu wa meli hizo ndio msimu wa vimbunga kwenye upande ule wa Bahari ya Hindi. Idai iliipiga Beira Machi 2019. Nahodha anaweza kubadili njia au kuruka kituo, na huna wa kumlalamikia. Na Pomene hakuna gati. Abiria wanapelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Magoti ya mama hayafai tena kwa kushuka kwenye boti, kwa hiyo siku hiyo abaki melini na mmoja wetu, na nisisikie mtu akimwambia jikaze, ulishuka Kipili.

Lile la mama lishe wa Darajani silifuti. Nalichukia bado, na nadhani serikali za bandari zetu zina kazi ya kuhakikisha meli inaacha kitu kwa watu wa mji, si kwa madereva wachache na maduka ya vinyago peke yake. Hilo ni swali la wiki nyingine, kama mtalikubali.

La mwisho ni la vyumba. Vile vya bei ya chini kabisa viko katikati ya meli na havina dirisha. Vijana wameshaanza kupiga hesabu ya hivyo ili mchango utoshe. Wao walale humo, hawana shida. Chumba cha mama kiwe cha nje, chenye dirisha, na tofauti ya bei nitalipa mimi.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam