Mtoto Akikutwa na Maradhi ya Moyo ya Kurithi, Msiyafiche

Binti yangu ana maradhi ya moyo yanayoitwa QT ndefu, na mtaani kwetu hapa Wete, Pemba, hakuna asiyejua. Nimewaambia mimi mwenyewe. Jamaa walikuja kunikanya, kwa mapenzi yao: huyu mtoto wa kike, kesho na keshokutwa ataposwa, nani atakubali kuoa maradhi? Sitara ni jambo jema, nami nimelelewa nayo. Lakini maradhi haya mtoto huonekana mzima kabisa, anacheza na kucheka, na yanapokuja yanakuja ghafla, mara nyingi mama hayupo. Atakayekuwepo ni mwalimu, ni mtoto mwenzake, ni muuza duka. Hao wasipojua la kufanya, sitara hiyo itamzika.

Moyo una umeme wake. Kila ukishapiga, hujichaji kabla ya kupiga tena. Muda wa kupiga mpaka kumaliza kujichaji ndio madaktari wanaouita QT. Kwa binti yangu huko kujichaji kunachelewa, na katika kuchelewa huko moyo unaweza kushikwa na mapigo ya kasi yasiyo na mpangilio, ukawa unatetemeka tu, damu haiendi. Mtoto huanguka. Mara nyingi moyo hujirudi wenyewe, akaamka akaomba maji. Safari nyingine haurudi. Akiwa chini anaweza kukakamaa na kurusha viungo, ndiyo maana wengi wao huambiwa wana kifafa. Wangu alipewa dawa za kifafa katika hospitali moja, na nyumbani tukamnywesha kombe na kumsomea. Kisomo siachi mpaka leo. Lakini mtoto anayezimia akikimbia, akiogelea, akishtuka au akilia sana, mpelekeni apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Wanabandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, haiumi, na dakika chache imekwisha. Msiridhike na eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, peke yake: eko huangalia umbo la moyo, na umbo la moyo wa binti yangu halina kasoro yoyote. Sisi majibu ya uhakika tuliyapata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kisha likaja swali ambalo kwetu halichelewi: yametoka upande gani? Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto wake, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuyarithi. Dakta alitaka nyumba nzima ipimwe, akakutwa nayo baba yao, mwanamume anayepanda mikarafuu na hajawahi kuzimia hata siku moja. Mama mkwe alipoelezwa alinyamaza, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole: ndugu yake aliyekufa majini naye ni muogeleaji hodari, mpwa wake aliyelala asiamke. Wote tulikuwa tukisema ni ajali, ni siku zao. Huenda, leo hakuna wa kuthibitisha. Lakini dakta aliyaandika yote kwenye faili. Kaeni na wazee wenu muwakumbuke marehemu hao, maana kifo cha ghafla cha kijana humuonyesha dakta pa kutazama. Lawama ziacheni nje. Mume wangu alikuwa akimtazama mtoto kama mtu aliyemdhulumu. Nikamwambia, baba watoto, wewe umepewa, na aliyekupa naye kapewa.

Ipo na namna nyingine, adimu, ya mtoto kurithi kwa wazazi wote wawili. Huyo huzaliwa kiziwi. Madaktari wa Norway waliieleza mwaka 1957. Kwetu, tunakooana binamu kwa binamu, mtoto kiziwi anayezimia asikose ECG.

Bahari ndiyo iliyotuuma zaidi. Dakta anaona ya binti yangu ni aina ya kwanza, ambayo huchokozwa na mbio, na kuogelea hasa. Aina ya pili huchokozwa na sauti ya ghafla, hata ya saa ya kuamshia, na ya tatu huja zaidi usingizini. Mtoto wa pwani umwambie asikoge baharini, ni kama kumfungia ndani. Tulichokubaliana ni hiki: maji yakipwa, anakwenda na wenziwe kuokota makome, maji yakijaa, anabaki mchangani, na kaka yake yuko naye. Kaka huyo amefundishwa kubonyeza kifua: katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mtu mwengine akikimbilia gari. Naomba kila nyumba yenye mtoto kama huyu iwe na mtu zaidi ya mmoja anayeijua kazi hiyo.

Anakunywa propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo. Dawa hii haikatishwi ghafla hata siku moja, kwa hiyo nanunua kabla haijakaribia kwisha, maana upepo ukichafuka meli haiji. Kwenye duka la dawa na kwenye faili lake la skuli ipo karatasi ya dawa zinazoweza kumrefushia QT: erithromaisini, azithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli ya fangasi, ondansetroni ya kutapika, klorokwini na kwinini. Kabla ya dawa yoyote ya malaria nampigia dakta. Akiharisha au kutapika naanza ORS papo hapo na kumpeleka hospitali, kwa sababu potasiamu, moja ya chumvi za mwilini, ikishuka moyo wake ndio wa kwanza kudhurika.

Ramadhani alitaka kufunga kama wenziwe. Dakta alikataa: mtoto anayetumia propranololi akikaa na njaa sukari inaweza kumshuka, na mgonjwa sheria imempa ruhusa. Hilo msimuachie mtoto alibebe peke yake mbele ya watoto wanaohesabiana saumu. Nilikwenda chuoni anakosoma Kurani, nikamueleza ustadhi mambo yote, hata lile la kubonyeza kifua, na yeye ndiye aliyewaambia wanafunzi kwamba mwenzenu ana ruhusa na akianguka muniite mbio. Tangu siku hiyo wanapokwenda skuli wanamchukulia mkoba, hata pale asipotaka.