Kuutazama Upya Ushindi wa Cubs: Usiiruke Zamu ya Nane

Kila ifikapo Novemba 2, mashabiki wa timu ya besiboli ya Chicago Cubs hutumiana ile video moja. Kris Bryant anauokota mpira, mguu unamteleza kidogo kwenye nyasi zilizolowa, tabasamu tayari liko usoni, anautupa kwa Anthony Rizzo kwenye besi ya kwanza, na miaka 108 ya kusubiri inaishia hapo. Ni sekunde chache tu. Nimeishi Chicago miaka mingi na kuipenda timu hii nilifundishwa na majirani walionipokea. Ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kuuonja tena ubingwa wa 2016, walioupata kwa kuifunga Cleveland kwenye fainali, ni huu: usianzie mwisho. Video ile inakuambia kwamba Cubs walishinda, jambo ambalo unalijua. Utamu wenyewe umo katika zaidi ya saa nne zilizotangulia, na katika miaka iliyozitangulia saa hizo.

Kwa msomaji ambaye hajauzoea mchezo: besiboli haichezwi kwa saa. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, zikiisha kwa sare zinaongezwa, na zamu haifungwi mpaka wapigaji watatu watolewe. Anayezunguka besi zote na kuingia nyumbani alipoanzia anapata pointi; mpira ukivuka ukuta, mpigaji na wenzake walioko kwenye besi wote wanaingia. Timu iliyo mbele haina ujanja wa kupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kupoteza dakika kama kwenye soka. Ni lazima imtoe na mpigaji wa mwisho. Kwa hiyo kuongoza kwa pointi tatu ukielekea mwisho ni jambo zuri, lakini halimtulizi mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

Na mashabiki wa Cubs walikuwa wameumwa sana. Timu ilitwaa ubingwa mwaka 1907 na 1908, kisha basi. Fainali yao ya mwisho kabla ya 2016 ilikuwa ya 1945, walipofungwa na Detroit Tigers katika mchezo wa saba, ambao ndio wa mwisho, maana bingwa ni wa kwanza kushinda minne. Fainali hizo ndizo zilizozaa kisa cha mbuzi: William Sianis, mwenye baa, alikwenda Wrigley Field, uwanja wa Cubs, na mbuzi wake, mbuzi akakataliwa, na inasemekana mwenyewe akailaani timu. Kisa hicho kinachangamsha baraza, ila mimi sikipendi kikitawala mazungumzo, maana kinawafunika wachezaji waliojitahidi wakashindwa kwa mpira mtupu. Mwaka 1969 waliongoza kwa muda mrefu, New York Mets wakawapita Septemba. Mwaka 1984 walihitaji kushinda mchezo mmoja tu kati ya mitatu dhidi ya San Diego Padres, wakapoteza yote mitatu. Oktoba 2003 walibakiza kuwatoa wapigaji watano waingie fainali, wakaruhusu pointi 8 katika zamu moja mbele ya Florida Marlins.

Zamu hiyo ya 2003 ilikuwa ya nane. Liweke kichwani, tutalirudia.

Sasa, namna ya kutazama. Tafuta mchezo wa saba wa fainali za 2016 wote, ule uliochezwa Cleveland, si muhtasari. Ukiweza, anza jioni, mwendo wa saa moja, kama ulivyoanza kwa saa za Chicago. Zima sauti ya televisheni na utafute rekodi ya redio ya Pat Hughes. Kuziendesha picha na sauti sambamba kunasumbua kidogo, na inafaa usumbuke. Hughes alikuwa mtangazaji wa nyumbani, na kwa miaka mingi aliketi kibandani na Ron Santo, mchezaji wa ile Cubs ya 1969 ambaye kila kipigo kilimtoka kifuani kama bado yumo uwanjani. Santo alifariki 2010. Wanaomkumbuka husikia pengo lake katika matangazo yale, na kulisikia pengo hilo ni sehemu ya kuukumbuka ushindi.

Pili, chukua penseli. Mzee mmoja jirani yetu hapa mtaani Rogers Park, ambaye watoto wangu humwita Babu, ana desturi ya kujaza karatasi ya alama kila anaposikiliza mchezo. Kila mchezaji wa ulinzi ana namba yake: mtupaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, na kuendelea hadi 9. Mpira ukiokotwa na wa besi ya tatu na kutupwa ya kwanza, unaandika 5-3 katika kisanduku cha mpigaji, pembeni unaweka namba ya aliyetolewa na kuizungushia duara. Nilikaa naye usiku ule, nikaona mkono wake ukifanya kazi. Dexter Fowler wa Cubs alipofungua mchezo kwa kuupiga mpira ukavuka ukuta, mzee aliandika. Javier Báez alipofanya vivyo hivyo zamu ya tano, aliandika. David Ross, mdakaji wa miaka 39 aliyekuwa akicheza mchezo wake wa mwisho kabla ya kustaafu, akaupiga ukavuka ukuta zamu ya sita na kuifanya 6-3. Mzee akacheka, akaandika. Ukiwa na penseli huwezi kukimbilia mbele. Macho yanabaki kwenye mpira huu, si kwenye mwisho unaoujua.

Ndipo inapokuja zamu ya nane.

Watu wengi huiruka, nami nawaelewa. Lakini ukiiruka umeutupa mchezo wote. Cubs wanaongoza 6-3. Wawili wa Cleveland wameshatolewa, wamebaki wanne ubingwa upatikane. José Ramírez anafika besi ya kwanza. Kocha Joe Maddon anamleta Aroldis Chapman, mtupaji mwenye kasi kuliko wote, ila mkono umechoka: alishatumiwa sana mchezo wa tano na akatumiwa tena mchezo wa sita ambao Cubs walikuwa wakiongoza kwa mbali. Hapo mimi bado nina neno na Maddon. Brandon Guyer anapiga, Ramírez anaingia, 6-4. Kisha Rajai Davis, mchezaji wa mbio ambaye si mtu wa kupiga mbali, anashika gongo juu ya mwisho wa mpini, anaupiga mpira ukienda moja kwa moja kuelekea kushoto, na unapita juu ya ukuta kwa kiasi kidogo tu. 6-6. Uwanja wa Cleveland unalipuka.

Tazama hapo bila kusogeza mbele. Sikiliza kelele za watu wa upande wa pili. Kisha jiulize walikuwa wakiwaza nini wale waliokuwa hai mwaka 2003, au 1984, au 1969. Zamu ya nane tena! Mtoto wangu mkubwa, ambaye ubingwa ule anausikia kwa kusimuliwa tu, aliponiuliza kwa nini watu wazima walilia usiku ule, sikumwonyesha Bryant na Rizzo. Nilimwonyesha Davis. Alipoona uso wa mashabiki wa Cubs waliokuwa jukwaani, hakuuliza tena.

Babu aliandika kipigo cha Davis kwa mwandiko uleule. Hakuwacha kisanduku wazi. Hicho ndicho ninachotaka msomaji akichukue: uliyoyapenda na usiyoyapenda yaandikwe kwa penseli moja, kwa sababu karatasi yenye mazuri matupu haitakusaidia kukumbuka chochote.

Zamu ya tisa nayo usiidharau. Chapman, mkono ukiwa umekwisha, alirudi akawatoa watatu mfululizo. Katikati yao Jason Kipnis, kijana aliyekulia Northbrook, kitongoji cha Chicago, aliupiga mpira mmoja upande wa kulia ambao kwa nukta moja ulionekana unamaliza mchezo. Ukaenda nje ya mstari. Kwenye rekodi ya redio utasikia watu wakipaaza sauti kisha wakipoa. Hapo penye mpira usio na maana yoyote kwenye takwimu, ndipo ninapopata baridi hadi leo.

Halafu mvua. Mchezo ulisimamishwa dakika 17. Wachezaji wa Cubs walikwenda chumba cha mazoezi ya uzito, na Jason Heyward, aliyekuwa na mwaka mgumu mno kwenye gongo, akawakusanya na kuwakumbusha wao ni nani. Ushauri wangu hapa ni wa kweli kabisa: simamisha rekodi kwa dakika 17 kamili. Weka chai. Usishike simu. Tumia muda huo kuwataja watu.

Nasema hivyo kwa sababu ya kuta za Wrigley Field. Siku zile baada ya ubingwa, watu walifika kwenye barabara za Waveland na Sheffield na chaki, wakaandika majina ya wazazi, babu na bibi waliokufa bila kuuona ushindi. Kuta za matofali zikajaa hadi mahali ambapo mkono haufiki. Watu walibebana mabegani. Niliwaona akina mama wakisaidia wageni kuandika jina la mtu wasiyemjua. Chaki haikai, mvua na baridi ya Chicago viliifuta. Lakini majina hayakwisha, na dakika 17 za mvua zinatosha kuyasema. Kwetu huwa tunaanza na Ernie Banks, aliyeichezea Cubs kuanzia 1953 hadi 1971, michezo 2,528, bila kupata hata mmoja wa mtoano, na akafariki Januari 2015, mwaka mmoja na ushei kabla. Baada yake kila mtu anataja wake. Mwenye baba aliyempeleka uwanjani kwa treni akiwa mdogo amseme. Asiye na mtu wa Cubs amseme mtu wake yeyote aliyengoja jambo jema na hakulifikia; hakuna atakayemkatalia.

Ukirudi kwenye rekodi, zamu ya kumi inakwenda haraka. Kyle Schwarber, aliyeumia goti vibaya Aprili na kurejea fainali zenyewe tu, anapiga na kufika besi ya kwanza. Albert Almora anaingia kukimbia badala yake, na Bryant anapoupiga mpira juu hadi karibu na ukuta, Almora anasubiri udakwe kisha anakimbilia besi ya pili. Uamuzi ule wa kijana asiye na uzoefu mkubwa, kwangu mimi, ndio ulioleta ubingwa. Ben Zobrist anaupenyeza mpira kandokando ya mstari wa kushoto, Almora anaingia. Miguel Montero anaongeza moja, 8-6. Cleveland wanarudisha moja kupitia Davis yuleyule, 8-7, na Mike Montgomery anakuja kumtoa mpigaji mmoja aliyebaki. Chicago ilikuwa karibu saa sita ya usiku. Babu aliandika 5-3, akazungushia duara namba ya mwisho, akaweka penseli mezani, akampigia simu dada yake.

Kuna mambo ninayowaomba mashabiki wenzangu wayaache wanaposimulia. Yule shabiki wa 2003 aliyenyoosha mkono kuugusa mpira karibu na ukuta, usimtaje jina, usimtanie. Mchezaji wa Cubs alikosa mpira mwepesi muda mfupi baadaye, na siku ya pili timu ilikuwa na mchezo mwingine wa kushinda ikashindwa. Mtu yule alibeba mzigo usiokuwa wake kwa miaka, na mwaka 2017 klabu yenyewe ilimpa pete ya ubingwa. Liishie hapo. Vilevile usiwakejeli watu wa Cleveland. Walikuwa mbele kwa michezo 3-1, na wao hawajatwaa ubingwa tangu 1948. Wakiwa kwenye baraza lenu, wapeni nafasi waseme ya kwao kuhusu kipigo cha Davis. Hakuna anayekisimulia vizuri kama wao.

Na usiuache mwaka 2021 uuharibu 2016. Mwishoni mwa Julai mwaka ule, ndani ya muda mfupi mno, Rizzo aliuzwa New York Yankees, Báez New York Mets, Bryant San Francisco Giants. Majirani zangu kadhaa walikasirika wakaacha kutazama hata rekodi za zamani. Hasira ilikuwa ya haki. Ila klabu kuwauza wachezaji hakubadilishi nani aliushika mpira wa mwisho na kuutia mfuko wa nyuma wa suruali. Alikuwa Rizzo, na alikuwa Cub.

Haya si ya besiboli peke yake. Marafiki zangu wa Nairobi wanaoshabikia Gor Mahia walikaa bila taji la ligi kuanzia 1995 hadi 2013, na nimewashauri vivyo hivyo: msianze na kombe likiinuliwa, anzeni na msimu mliokata tamaa, na muwe na mtu mzima mmoja chumbani aliyekuwepo. Muulizeni alikuwa amevaa nini, alikaa upande gani wa uwanja, aliondoka mapema au alibaki. Mrekodini kwa simu akijibu. Babu wetu tulimrekodi zamu kwa zamu, karatasi yake ikiwa mezani, na mpaka sasa hiyo ndiyo sauti tunayoifungulia wageni kabla ya kuwasha televisheni.